Mama Anasema Umehama

Jumapili. Upepo wa leo hapa Mazwi hauna adabu, unapenya hata sweta mbili. Nina hasira na neno moja tu, na sijui nimlaumu nani.

Jana tumerudi kutoka Mbeya, tulikofuata majibu ya vipimo vya mama. Miaka ile shavu lake lilipovimba karibu na sikio, nyumbani Namanyere walisema ni matubwitubwi, wakampaka masizi. Kumbe ilikuwa saratani ya tezi ya mate. Akapasuliwa, mdomo ukabaki umepinda kidogo, tukashukuru, tukasahau. Mwaka huu akaanza kupata choo chenye damu. Tukadhani amiba. Hospitali wakamchungulia utumbo kwa kamera, wakachukua kinyama wakapime.

Daktari, kijana mpole, alisema ni ileile ya shavuni. Kwa kawaida hukimbilia mapafu, akasema, hii ya kwenda utumbo mpana yeye ameisoma tu vitabuni. Kisha akamgeukia mama ili amrahisishie: "Mama, ugonjwa umehamia tumboni."

Umehamia.

Jamani, Kiswahili kina maneno mangapi, na yeye akachagua hilo? Kwa mama, anayehama hufunga virago na nyumba ikabaki tupu. Njia nzima ndani ya basi alijipapasa shavu na kutabasamu. Akaniambia huko ulikohamia si mbali na njia ya kutokea, utatoka wenyewe na choo. Kufika tu, akawapigia wenzake wa jumuiya waje leo jioni, wasali naye sala ya shukrani.

Sikumsahihisha. Nilijiambia apumzike kwanza. Lakini leo baada ya misa, akina mama walipomkumbatia nje ya kanisa na kumpa hongera, nilijisikia vibaya mno. Ni kama nilikuwa namcheza shere mama yangu mzazi.

Mchana alikuwa anapepeta ulezi wa uji wa wageni. Nikakaa naye chini, nikamwambia. Kwamba haujahama, umezaana. Kwamba daktari aliniita pembeni akasema dawa zitampunguzia maumivu, kuponya haziwezi. Nililia kabla sijamaliza.

Yeye hakulia. Alipuliza makapi, akatoa kijiwe kwenye ungo, akaniuliza kama watu wa jumuiya nimeshawaambia. Nikasema bado.

"Basi usiwaambie leo," akasema. "Waache wanifurahie kidogo."

Wamekuja. Wameimba, wamekunywa uji, mmoja akamshika shavu lile akisema Mungu ni mkubwa. Mama aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Mimi nilishindwa, nikakimbilia chumbani, na ndipo ninapoandikia haya.

Wageni wameondoka. Ananiita nikale, ugali unapoa.

Niende na uso gani?