Saa ya Fundi Rangi Iliyokutwa kwa Mpiga Picha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ninajulikana kama Bibi Shubiri.
Umri: Miaka sabini na kitu. Waliokuwa na hesabu wameshakufa.
Kazi: Kushona mito.
Elimu: Sikusoma.
Makazi: Nyuma ya soko, nyumba yangu mwenyewe.

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemwambia afande, ambaye ni binti wa umri wa mjukuu wangu, kwamba uongo ni kazi, na mimi kazi ninayo tayari.

Kijana mliyemweka ndani namfahamu. Ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, huu mwaka wa tatu. Mtaani anaitwa Macho Manne kwa sababu ya miwani. Mimi humwita mume wangu, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana. Afande asije akaandika kwamba nimeolewa.

Kazi yake ni kupiga picha za saa za mkononi, kwa karibu sana, kwa ajili ya maduka yanayoziuza. Saa moja tu humla nusu siku. Huifuta, huipuliza vumbi kwa kipira cha kubinya, huifunika bakuli vumbi lisirudi, ndipo anaanza. Anasema kamera ikisogea karibu mno huona vizuri kipande chembamba tu, kwingine kote ni ukungu. Kwa hiyo hupiga nyingi, akiisogeza kidogo kidogo, halafu huziunganisha kwenye kompyuta. Sikumwelewa mpaka nilipofikiria ninavyotia uzi sindanoni: nikiliona tundu, uzi siuoni.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi rangi. Alifariki mwaka jana. Aliacha saa moja ya mkononi, ya chuma, na kwa kinywa chake mwenyewe alisema ni ya mwanetu mkubwa, ambaye ndiye mlalamikaji. Saa ilikuwa kwangu, kwenye droo ya kabati.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, Jumapili mchana, mwanangu alikuja kunisalimia. Akasema, "Mama, wiki hii naichukua ile saa ya mzee nimpelekee fundi. Aisugue, abadilishe na kioo, ing'ae kama mpya." Nikamwambia sawa, baba. Saa ni yake, na alikuwa amefurahi.

Alipoondoka niliitoa saa nikaishika. Marehemu hakuwa na tabia ya kuivua akipaka. Kwa vidole nilisikia vijipele vya rangi, ila kwa macho yangu haya sikuona kitu. Nikavuka uani, nikampelekea Macho Manne. Nilimwambia, "Mume wangu, nipigie hii kabla haijasuguliwa." Akaipokea, kitambaa kiko tayari mkononi. Nikamwambia, "Ukiifuta nakuchapa." Akacheka. Alipoitazama kwa lenzi hakucheka tena. Kitambaa alikirudisha mfukoni, na kile kipira akakiweka mbali.

Tarehe 5, Jumanne, saa tisa alasiri, aliniita chumbani kwake. Saa ilikuwa imejaa kwenye kioo cha kompyuta, kubwa kama sinia. Katika maungio ya mkanda kulikuwa na rangi. Nyeupe, ya dari za watu. Bluu, sijui ya wapi. Na kijani, ubavuni. Kijani kile ni cha mlango wa chumba chetu, kazi ya mwisho ya marehemu kabla hajaanza kuumwa. Pembeni palikuwa na mkwaruzo, pale alipojaribu kuibandua kwa ukucha akachoka. Huyo ndiye mwanamume niliyeishi naye. Usafi ulikuwa unamshinda.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Macho Manne hakusema neno, na kwa hilo namshukuru, maana kijana yule ana mdomo. Mwishoni ndipo akasema, "Bibi, upande wa nyuma bado. Niachie." Nikamwachia.

Jioni hiyohiyo niliitwa kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua, nikakaa huko. Simu iliisha chaji na sikujali. Nilikuwa na kichanga mikononi. Huku nyuma mwanangu alikuja kuchukua saa akakuta droo tupu. Jirani akamwambia ameiona kwa mpiga picha. Nasikia Macho Manne alimwambia, "Bibi ndiye aliyenipa." Nasikia mwanangu alimjibu, "Mama hawezi kukupa wewe kitu cha baba." Haya nimeambiwa na jirani. Mimi sikuwepo.

Leo tarehe 8 nimerudi asubuhi, nikaambiwa kijana amelala mahabusu. Sikuingia hata ndani. Nimekuja hapa kwa miguu.

Afande ameniuliza kama nilimpa saa kwa hiari yangu. Nimejibu: kwa mikono yote miwili.

Ameniuliza kwa nini sikumwambia mwanangu. Nimejibu kwamba ningemwambia asiisugue, asingeisugua, na angebaki akidhani amenikosea. Mtoto aliyefiwa na baba yake anataka kung'arisha kitu. Mwache ang'arishe. Mwanangu si mtu mbaya. Ni mkali, na ukali hakuuokota njiani, amenyonya kwangu. Nitaongea naye nyumbani, si hapa.

Nawashukuru hamkumpiga kijana. Nimechungulia, nimemwona mzima, ila miwani imekaa upande. Nakushukuru na wewe afande kwa kiti na kwa kuandika pole pole. Tangu tulipomzika mzee watu wamenipa pole nyingi, na zote nimezipokea. Kijana huyu hakunipa pole. Alinyamaza, akanionyesha. Mtu wa namna hiyo halazwi sakafuni. Siondoki hapa bila yeye, na mto nimekuja nao.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa yote, na palipopotoka nimemrekebisha aliyeandika.

Alama ya dole gumba la shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA

Baada ya kupokea maelezo haya nilimwonyesha mlalamikaji mojawapo ya picha zilizokutwa kwenye kamera ya mtuhumiwa. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama ile rangi ya kijani ni ya mlango. Nilimjibu kwamba ndivyo shahidi alivyoeleza. Ameomba kuondoa malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa saa sita mchana na kurudishiwa kamera yake. Saa nilimkabidhi mlalamikaji, akasaini. Mpiga picha alimweleza kwamba upande wa nyuma bado, naye mlalamikaji hakuondoka nayo. Alimpa mpiga picha mbele yangu, akamwambia, "Samahani, ndugu yangu. Malizia upande wa nyuma."