Mama Yake Madam wa Unga wa Mahamri

Kadzo mdogo wangu,

Hapa Jeddah jua linakausha nguo kabla sijamaliza kuzianika. Unaikumbuka ile katuni ya Waingereza ya wanasesere wa udongo tuliyoicheka utotoni? Mama yake madam anaitazama kila alasiri. Kiingereza hajui, lakini anacheka mpaka meno ya bandia yanamtoka. Jana nikamfinyanga yeye kwa unga wa mahamri, tukawa tunamsogeza kidogo kidogo mezani na kumpiga picha kwa simu, ili naye atembee kama wale wa katuni. Mara madam akaingia. Kwa woga nikamficha mama yake ndani ya mafuta ya moto.

Yule bibi mzee mwenyewe akamwopoa, akatafuna kichwa chake. “Mafi sukari,” akalalamika kwa Kiarabu, yaani hana utamu.

Wabusu watoto. Nikirudi nitakufinyanga wewe, na sukari nitaongeza.

Dadako,
Dama