Mume wangu anataka kukatwa tezi ili nimwache apumue

Mshauri wangu mpendwa, nakuja kwako jicho moja linacheka na jingine linalia, nisaidie kabla mume wangu hajapanda kitanda cha upasuaji kwa sababu yangu.

Kwanza unijue. Mimi ni Mama Daktari. Shule niliishia darasa la saba, lakini binti niliyemzaa kwa tumbo hili ni daktari wa meno, ana koti jeupe lenye jina lake kifuani, na tangu alipohitimu hakuna mtu mtaani anayeniita vingine, na mume wangu naye nilimbadilisha siku ileile, akawa Baba Daktari, nikataka hata kibao cha karakana tukiandike hivyo, akakataa. Yeye ni fundi makochi. Sipendi kujisifu, ila kochi lake ukilikalia utasahau ulikokuwa unakwenda. Yeye anaunda fremu, anafunga springi na sponji, mimi nashona vitambaa kwa cherehani hapohapo pembeni yake, kwa hiyo kutwa nzima tunaonana.

Mwaka jana akaanza kuamkaamka kwenda haja ndogo, binti akasema baba apimwe, wakampima damu, wakampiga picha, wakachukua vinyama kwa sindano, majibu yakaja saratani ya tezi dume. Mshauri, nilikaa chini palepale kwenye sakafu. Daktari akaniambia, inuka mama, hii ni ya hatari ndogo, imo ndani ya tezi, inakwenda mwendo wa kobe. Nikamjibu, hata kobe hufika, mkateni leo! Wakati huo mwenye tezi yake alikuwa hajafungua mdomo.

Walikuwa madaktari wawili mezani na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mmoja kijana, wa upasuaji, alisema kukata kunawezekana, mzee bado ana nguvu, na wapo watu ambao wakishajua kitu kipo ndani hawapati usingizi, hao huwakata. Mwenzake, mama mtu mzima aliyevaa miwani ya kamba, akasema yeye hakimbilii kisu, maana kisu kinaweza kumwachia mtu mkojo usioshikika na kitanda cha ndoa kilichopoa, kwa ugonjwa ambao pengine usingemsumbua mpaka anazeeka. Yeye angemfuatilia kwa karibu, damu kila baada ya miezi kadhaa, picha, vinyama tena ikibidi, na ukionyesha kubadilika ndipo watibu, muda bado upo. Nikawauliza, sasa mkweli ni nani hapa? Yule kijana akacheka. "Wote wawili, mama. Ila angekuwa baba yangu, na mimi ningengoja."

Baba Daktari alikuwa kimya kwa sababu binti yetu tuliingia naye, na mzee wa heshima ataanzia wapi kuzungumza habari za kitanda cha ndoa mbele ya mtoto wake? Akaligeukia kochi la wageni la mle ndani, akalipapasa, akasema, "Hili limeshonwa vibaya." Kisha akasema, "Tufuatilie."

Njiani binti akanituliza. "Mama, hata mimi jino lenye doa dogo siling'oi. Nalipiga picha, nalingojea, likileta ubishi ndipo tunashikana." Nikamwambia, mbona langu uling'oa? "Lako lilikuja lenyewe, Mama, mimi nililipokea tu."

Basi hospitali wanafuatilia kwa damu, na mimi nikasema macho yangu nayo yana kazi gani? Akienda chooni nanyamazisha cherehani nisikilize. Akishika kiuno naacha mshono nusu. Akicheka sana naogopa, akinyamaza naogopa zaidi. Hata hajalalamika nimeshampelekea binti habari kwa simu. Wiki iliyopita alikawia chooni, nikagonga mlango, nikauliza kwa sauti, "Baba Daktari, mkojo unatoka vizuri au unakatikakatika?" Kumbe mwalimu mkuu mstaafu amesimama mlangoni mwa karakana, amekuja kutazama makochi yake. Mwalimu wa watu akakohoa. Mume wangu akatoka, akajaza misumari midogo mdomoni kama afanyavyo akiwa kazini, akagonga upande mzima wa kochi bila neno. Mteja alipoondoka akaitemea kiganjani.

"Mke wangu," akasema, "ile saratani hainisumbui. Unayenisumbua ni wewe. Naenda kukatwa. Wodini angalau wanabisha hodi."

Nilidhani mzaha. Jumatatu akaenda hospitali peke yake, akaomba tarehe ya upasuaji, amepewa mwezi ujao. Na kinachonimaliza ni kwamba siku hiyohiyo alirudi na majibu ya vipimo vipya, na mshauri wangu, hakuna kilichosogea! Kipimo cha damu hakikupanda, picha ni ileile. Nililia kwa furaha mpaka kitambaa cha mteja kikalowa, binti akapiga simu anapiga vigelegele kama si daktari, nikawatangazia majirani wa mbele na wa nyuma, na katikati ya shangwe hiyo mume wangu ananiambia tarehe yake iko palepale.

Sasa nimzuie au nimwache? Nakwambia wewe tu: kuna kipande cha moyo wangu kinachosema acha akatwe, yaishe, na mimi nilale. Nisaidie, mtu mwenyewe ndiye huyohuyo, sina mwingine.

Mimi Mama Daktari

*

Mama Daktari, pokea hongera yangu kwanza. Majibu kama hayo wapo wanaoyaomba kwa machozi wasiyapate. Mumeo yuko salama leo, unamwona kwa macho yako, anagonga misumari. Hebu vuta pumzi, furahi vizuri, kisha ukae, maana sasa nakugombeza.

Mimi si daktari, na binti daktari sina, kwa hiyo nilimpigia bingwa mmoja wa njia ya mkojo ninayemwamini. Akaniambia kwamba kwa ugonjwa wa hatari ndogo kama huo, madaktari wengi siku hizi huona kufuatilia kwa karibu ni njia nzuri, tena ni tiba yenye ratiba yake, si kumtelekeza mgonjwa. Wapo wanaotofautiana kidogo kuhusu nani akatwe na lini, na mgonjwa akishindwa kabisa kuishi na wazo hilo, upasuaji ni haki yake. Kwa hiyo wale wawili hawakukudanganya. Nilipomsomea barua yako akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema baadhi ya wagonjwa wake waliacha kufuatiliwa wakaomba kisu wakati ugonjwa haujasogea hata kidogo. Nyumbani ndiko kulikokuwa hakukaliki.

Umesikia? Kisu ni cha kutibu ugonjwa. Kumkimbia mke hakuhitaji ganzi.

Na usinielewe vibaya, najua hukugonga ule mlango kwa ubaya. Umeogopa, mwenzangu. Tangu siku ile ya sakafu unaogopa, na hofu yako umeivalisha koti jeupe la bintiyo ikaonekana ni uangalizi. Mumeo anabeba ugonjwa wake, halafu anabeba na woga wako, mzigo wa pili ni mzito kuliko wa kwanza. Soma tena barua yako utafute mahali ulipomuuliza anataka nini. Mimi nimetafuta, sikupaona. "Mkateni leo" ulisema wewe. Yeye ulimwachia kochi tu la kuzungumza nalo.

Leo mkishafunga karakana, mkalishe kwenye kochi lake mwenyewe na umwambie neno moja: naogopa. Usiongeze maelezo. Kisha muulize anataka nini, na akinyamaza, mwache anyamaze mpaka aseme. Kabla tarehe haijafika arudi kwa wale madaktari wawili, aingie peke yake, aulize ya mkojo na ya kitanda bila mke wala mtoto. Wewe kaa benchi la nje. Binti abaki na meno ya watu. Akitoka na kusema bado nataka kisu, kwa akili yake na si kwa hasira, mshike mkono, hiyo ni haki yake. Akisema nangoja, basi mngoje wote.

Kungoja nako kuna adabu yake. Tarehe za vipimo mzijue wote wawili, na hata moja isirukwe, hapo ndipo ukali wako una kazi. Katikati ya tarehe, habari za mwili wake ni zake, ila mkubaliane kwamba akiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukigoma, au mifupa ikimuuma bila sababu, atakwambia mwenyewe na mtaondoka siku hiyohiyo. Maswali yako, na najua ni mengi, mpelekee yule mama wa miwani ya kamba, uende kwa zamu yako kama mtu mwenye shida yake, kwa sababu unayo. Mlango wa choo usiugonge tena labda nyumba iwe inaungua.

Kipande kile cha moyo kinachotaka akatwe ili wewe ulale, kiambie kilale na majibu ya Jumatatu. Yanatosha.

Halafu malizia kitambaa cha yule mwalimu mkuu, wewe ndiye unayemchelewesha. Akija kuchukua makochi yake akakuuliza kwa aibu, "Mzee anaendeleaje?", usisimamishe cherehani. Mwambie, "Yule pale, Mwalimu, muulize mwenyewe," kisha umsubiri mumeo ateme misumari ajibu.