Jezi za Rangi ya Waridi

Shemeji yangu,

Natumaini goti limepoa. Mimi nipo, ila nyumba imekuwa kubwa.

Tangu dada yako atutoke, jezi za timu nafua mwenyewe kama alivyofanya yeye, maana mwenye timu husema hela ya dobi hakuna. Mwezi uliopita nilizichanganya na soksi nyekundu, zikatoka rangi ya waridi. Nahodha akaniuliza, "Kocha, leo tunacheza mpira au tunasindikiza bibi harusi?" Tulicheka, kisha tukashinda.

Mwenye timu hakucheka. Alimuuza nahodha bila kuniuliza, akanunua jezi mpya, na za zamani akaamuru zitupwe. Nikamwambia, "Bosi, umeuza mguu ukanunua kiatu." Akanijibu, "Makocha wako wengi." Nikaenda kuzikusanya jezi za zamani. Nikikosa timu, nani mwingine ataniita?

Nahodha alipokuja kuniaga, aliomba jezi yake. Begani ina kiraka alichokishona dada yako kwa uzi wa bluu. Nikampa.

Sasa jezi mpya zinakwenda kwa dobi, hela imepatikana. Kwenye kamba ya uani limebaki shati langu moja tu.

Wasalimie watoto.

Shemeji yako,
Kocha