Majibu ya Caleb

Yaya André, kaka yangu,

Caleb ameacha droit, yale masomo ya sheria! Ameacha, na hapa nyumbani Bel-Air ametoka. Leo ni siku ya tisa mutoto halale mu kitanda yake.

Nisamehe, nimekurukia mbele ya kukuamkia. Jambo yako yaya, jambo kwa bibi yako na batoto bote ba Sakania. Mugongo imepona? Sisi tuko. Bwana yangu Clément anakusalimia, ni miguu tu njo inamusumbua. Nakuandikia juu ku telefoni kinywa yangu inaanzaka kujisifu mbele nijue nasema nini. Unanijua.

Unakumbuka Caleb akiwa mwaka wa mwisho ku masomo. Kulikuwa Madame Simone, kazi yake kuangalia tabia ya kila mutoto na kumuambia kazi yenye itamufaa. Aligawa karatasi za maulizo: unapenda kusema mbele ya bantu, ao kukaa peke yako? Kuongoza, ao kutengeneza kitu na mikono? Batoto bakajibu na crayon, musalaba mbele ya kila jibu, bakaleta ku nyumba bazazi baweke signature. Kisha jibu ikatoka: Caleb iko type ya bachef, muntu wa kusema na kuongoza, asome droit. Yaya, nilipiga vigelegele! Nilienda kuiplastifier ile karatasi ya jibu isilowe, nikaitundika mu salon karibu na picha ya Bikira Maria. Siku ya diplome, mukimumwangia poudre ya kumupongeza mpaka mu masikio, mi nilikuwa mbele napiga kelele bantu bapishe Maître, mwanasheria wetu. Jirani yangu Mbuyi akacheka, asema mutoto hajafika hata ku univ, mama ameisha kumuvalisha nguo ya avocat. Nilimujibu kama wivu haijazala mutoto hata siku moya.

Lakini Caleb wetu unamujua. Kwenda kuomba chumvi kwa jirani, anazunguka kwanza nyumba mara tatu. Furaha yake ilikuwa mboga yake ya lengalenga nyuma ya nyumba. Jani ikiguswa na mududu, anajua. Ku univ balimusimamisha mbele ya bantu mia tatu aeleze kesi. Sauti ikakataa kutoka. Bakacheka. Akaanguka, akarudilia mwaka, akaanguka tena. Na mi nasema tu: karatasi haidanganye, kaza roho.

Juzi Fils, rafiki yake mwenye anakaa naye kule Ruashi, alikuja kuchukua nguo zake. Alinieleza kama Caleb anakumbuka muzuri majibu yake, na haikukuwa ya chef. Lakini jibu ilipotoka aliwaza kama bantu ba masomo bameona ndani yake kitu yeye mwenyewe hakione. Myaka mbili anatafuta ule muntu ndani yake. Hamupate. Sasa anasema yeye njo ameharibika.

Yaya, mutoto hajaharibika. Ni mimi.

Siku alileta ile karatasi, aliniachia ku meza akaenda kumwangia mboga yake maji. Nikasoma: peke yangu. Mikono. Udongo. Nikaona mama yetu na jembe, namna alikufa mugongo haijanyooka. Nikatwaa gomme mu kartable, mufuko yake ya masomo, nikafuta majibu kumi na moya, nikaweka yangu. Hata namna anachoraka musalaba wake nilifuatisha. Nilijiambia namusaidia. Madame Simone hakukosea. Alisoma mutoto mwenye mi nilijitengenezea. Clément hajue. Padri hajue. We njo wa kwanza.

Nilienda Ruashi niseme. Hakunifungulia. Nyuma ya mulango aliniomba samahani, asema Mama, nimekuaibisha mbele ya bantu. Yeye njo ananiomba mi samahani! Na hii kinywa yangu, yenye ilisifu mu barabara nzima, ikamuaga tu. Nikarudi.

Fils ananiambia we mjomba wake ukimuita, atakuja, mjomba hakataliwake. Basi umuite, yaya, na uite bote bale balimumwangia poudre. Mbuyi pia, acha acheke. Nilijisifu mbele yenu bote. Mbele yenu bote nitasema nilifuta nini, naye asikie kwamba hana kosa. Akikataa kisha kuniita mama, nitakuwa nimestahili, lakini ajue kwanza.

Usalimie batoto, ubakumbatie kwa jina langu. Mungu akulinde mu njia. Tunawangojea hapa nyumbani siku ya Mungu, Jumapili tarehe kumi na ine, nyuma ya misa ya kwanza. Musikose hata mumoja.

Mudogo wako,
Delphine