Siku Niliyotoka Bila Kukohoa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ambokile Mwakilasa
Umri: Miaka 78
Kabila: Mnyakyusa
Dini: Mkristo, Moraviani
Kazi: Karani mstaafu wa zahanati
Makazi: Iyunga, Jiji la Mbeya
Kuhusu: Tuhuma dhidi ya Bertha, mjane wa Lugano Mwakilasa, ya kujipatia malipo ya ulemavu kwa udanganyifu
Yameanza kuandikwa: Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, saa 3:10 asubuhi
Mwandishi: WP Koplo Jackline

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilizaliwa kwenye miteremko ya Tukuyu. Mwaka 1972 mvua iliporomosha kilima chetu juu ya shamba na nyumba tatu, nasi tuliobaki tukatawanyika. Mimi nilikwenda Ilula, mkoani Iringa, nikawa karani wa zahanati kwa miaka thelathini na mitatu. Nilihamia Iyunga mwaka 2006. Kutoka Iyunga hadi Tukuyu ni safari ya asubuhi moja, lakini pale nilipozaliwa hapajabaki hata pa kusimama. Naeleza haya kwa sababu nimeulizwa mimi ni mtu wa wapi, na jibu fupi lingekuwa la uongo.

Mtuhumiwa ni mkamwana wangu, mke wa marehemu mwanangu Lugano. Jina lake nimelitamka leo kwa sababu fomu inalihitaji. Sina kawaida ya kulitamka.

Mnamo tarehe 12 Agosti 2017, mkamwana wangu akifanya kazi ya kubandua magome kwenye msitu wa mbao huko Mufindi, mkoani Iringa, gogo lilimviringikia na kumvunja nyonga ya kushoto. Alilazwa wiki kumi na moja. Alipotoka hospitali yeye na mume wake waliambiwa chumba cha kambini ni cha watu wanaofanya kazi. Walikuja kwangu Iyunga. Lugano alifariki mwaka 2020 kwa homa ya mapafu. Tangu mwaka 2018 mkamwana wangu amekuwa akilipwa na Mfuko wa Faraja wa Wafanyakazi wa Mashamba na Misitu, ambao kuanzia hapa nitauita Mfuko.

Afande ameniambia nieleze niliyoyaona tu, nisiingie kwenye takwimu. Nimemjibu kwamba takwimu ndizo zilizomleta mlalamikaji, Bwana Kikoti wa Mfuko, nyumbani kwangu, kwa hiyo zitaandikwa.

Mwezi Novemba mwaka jana, kwenye mkutano wa mtaa, tulisomewa karatasi ya Mfuko. Ilisema kwamba mwaka 2014 Iringa ilikuwa na walipwaji mia nne na kumi, na Mbeya tisini. Mwaka 2024 Iringa walibaki mia moja na tisini, na Mbeya wakafika mia nne na thelathini. Karatasi ilimalizia kwa kusema Mbeya pana dalili za udanganyifu wa makundi. Mimi nimetunza daftari za wagonjwa maisha yangu yote ya kazi. Najua namba inaweza kuwa sahihi na maelezo yake yakawa upuuzi.

Mwezi Januari mwaka huu nilipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu. Niliwakuta walipwaji thelathini na wanne. Ishirini na sita waliumia Iringa, sita Njombe, wawili Mbeya. Msitu uko Iringa, lakini aliyevunjika hupoteza chumba cha kambini, na hurudi kwa ndugu zake au kuliko na hospitali kubwa. Mfuko unamhesabu anakolala. Hauulizi aliumia wapi. Na wale wenyeji wa Iringa waliopungua hawakupona. Mwaka 2018 Mfuko uliagiza kila mlipwaji afike mwenyewe ofisini mara mbili kwa mwaka, na ofisi ikahamishiwa mjini. Ilula namfahamu mtu asiye na miguu yote miwili. Anakaa nyuma ya meza ya nyanya kando ya barabara kuu, ndugu zake wanampangia makopo, yeye anauza. Nilimuuliza kwa simu kwa nini aliacha kwenda kuhakikiwa. Alisema, "Nikapande gari tatu niende kuoneshana miguu ambayo haipo?" Huyo kwenye karatasi ni mtu aliyepata nafuu.

Haya yote niliyaandika kwa barua yenye kurasa nne nikaituma kwenye Mfuko tarehe 3 Februari. Barua yangu ilipokelewa. Jibu lake lilikuwa Bwana Kikoti.

Kabla sijaeleza siku yenyewe, nieleze tunavyoishi. Kwetu mke wa mwana hamwoni baba mkwe wake wala hatamki jina lake. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayepisha na kujificha. Vijana wengi wa mjini wameliacha jambo hili. Mkamwana wangu alilelewa Kiwira na bibi yake, na hakuliacha. Tangu aolewe mwaka 2009 hatujazungumza ana kwa ana hata siku moja. Nikiwa na neno namwambia jirani yetu Frida, naye analifikisha. Chumba changu kiko mwisho wa nyumba na kina mlango wake. Nikitaka kutoka nakohoa mara mbili, nasubiri, ndipo nafungua. Kabla hajaumia, walipokuja kunitembelea, nilikuwa nahesabu hadi kumi. Sasa nahesabu hadi mia moja na hamsini, na mara nyingine nasikia bado anajikokota, naanza kuhesabu upya.

Afande ameuliza kama nina shahidi wa kuhesabu huko. Sina. Mtu hahesabu kimoyomoyo mbele ya mashahidi.

Mnamo Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa 4:20 asubuhi, nilikuwa chumbani kwangu nasoma, dirisha likiwa wazi. Nilisikia pikipiki ikisimama. Alikuja Bwana Sosthenes Kikoti, mhakiki wa Mfuko kutoka Iringa, pamoja na mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Jailos. Mkamwana wangu alikuwa ameketi mkekani kwenye kibaraza akichambua maharage. Frida alikuwa uani kwake, hatua kumi hivi, akikaanga vitumbua. Sikuwa nawaona, lakini sauti zote nne nazifahamu au nilizifahamu siku ile.

Bwana Kikoti hakusalimia. Alisema, "Ndiyo huyu wa nyonga?"

Bwana Jailos akasema, "Ndiye. Shikamoo ya mama huwa anaitoa akiwa amekaa, usimfikirie vibaya."

"Mimi sikuja kuamkiwa. Dada, simama nikuone."

Mkamwana wangu alisema, "Nitasimama, kaka. Nipe muda nishike nguzo."

"Muda mmepewa miaka saba. Kwetu Iringa watu wanafanya kazi. Huku Mbeya mtu akijikwaa kidole anajaza fomu."

Frida akadakia kutoka kwake, "Basi jikwae kichwa, baba, tukujazie ya kwako!"

Watu waliokuwa wakipita walicheka. Nadhani kicheko hicho kilimuudhi Bwana Kikoti. Alisema, "Na yule mzee wenu anayeandika barua yuko wapi? Mtakwimu wa vilema?"

Mkamwana wangu hawezi kunitaja, na Frida, kama alivyoniambia baadaye, alikuwa anamtazama yeye asubiri atakavyofanya. Nilipaswa kutoka wakati huo, kwa utaratibu, kwa kukohoa. Nilibaki ndani kwa sababu nilitaka kusikia amefika wapi. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Saa 4:38, kwa saa yangu ya mezani, Bwana Kikoti alipaza sauti, "Simama! Au na mumeo alikufa akijua unadanganya?"

Nilifungua mlango nikatoka. Sikukohoa. Sikuhesabu hata moja.

Nimeoneshwa hapa kituoni picha ya video iliyo kwenye simu ya Bwana Kikoti. Ina sekunde tisa. Nimeomba nioneshwe mara tano na nimekubaliwa. Katika sekunde ya kwanza mkamwana wangu ameshika nguzo, goti moja likiwa chini. Katika ya pili anageuza uso upande wangu, kisha anavuta khanga kichwani. Kuanzia ya tatu hadi ya saba anavuka kibaraza na kuingia mlango wa jikoni. Ni hatua sita. Sauti ya Bwana Kikoti inasikika ikisema, "Haya, anakimbia huyo! Anakimbia!" Sekunde mbili za mwisho zinaonesha maharage yaliyomwagika.

Mimi nilikuwepo. Yule si mwanamke anayekimbia. Ni mwanamke anayeanguka, na ukuta uko mbali, kwa hiyo anaanguka kwa hatua sita.

Video inaishia mlangoni. Nyuma ya mlango ule alianguka kwenye sakafu ya saruji kati ya jiko na ndoo. Nilimsikia. Bwana Kikoti hakuingia kutazama. Alikuwa anamwonesha Bwana Jailos simu. Bwana Jailos alisema, "Ndugu mhakiki, taratibu, kuna jambo hapa hulielewi." Yeye akamjibu, "Nimeelewa kuliko wote. Mgonjwa wenu ametibiwa na hofu." Nilimwambia Bwana Kikoti kwamba yeye ni mjinga, na ya kuwa ujinga wake una mshahara. Maneno hayo niliyasema na sijayafuta. Hakupigwa na mtu yeyote. Aliondoka saa 4:50 kuja kituoni hapa.

Frida alikuwa ameshaingia jikoni. Hakuweza kumwinua peke yake. Alitoka akaniambia, "Babu, nisaidie." Kisha akakumbuka, akashika mdomo. Nilirudi chumbani kwangu nikafunga mlango ili asijaribu kunikimbia tena, na wanawake wengine waitwe. Walifika saa 6:10. Kwa saa moja na dakika thelathini na mbili mkamwana wangu alikuwa sakafuni, na mimi, mwanamume mwenye mikono miwili, nilikuwa nimeketi kitandani upande wa pili wa ukuta. Hilo ni kosa la pili, na halipo kwenye sheria yoyote ambayo Afande anaweza kunishtaki nayo.

Saa 9:15 alasiri polisi wawili walikuja wakamchukua. Walimbeba hadi kwenye gari. Hawakushangaa kwamba mtu anayekimbia anahitaji kubebwa.

Nimeambiwa kwamba jana hapa kituoni aliulizwa mara tatu, "Ulimkimbia nani?" na mara tatu akanyamaza, na ukimya huo umeandikwa kuwa ameshindwa kujitetea. Hakushindwa. Jibu la swali lile ni jina langu.

Afande amependekeza mkamwana wangu atolewe mahabusu aletwe chumba hiki, ili yeye Afande aone kwa macho yake anavyonikimbia. Nimekataa. Sitamwangusha mara ya pili ili karatasi ipendeze. Kama Mfuko unataka ushahidi, upo kwenye picha za mifupa, na hospitali haiko mbali na kituo hiki. Afande amesema hilo linahitaji PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka mtu kwa daktari. Nimemwambia kalamu anayo mkononi.

Jambo la mwisho. Mila hii naweza kuifungua mimi tu, kwa sababu mimi ndiye ninayeogopwa. Nyumbani ingefunguliwa kwa ng'ombe, mbele ya ndugu. Ng'ombe sina, na ndugu zangu walibaki chini ya kilima. Naifungua hapa, mbele ya WP Koplo Jackline, ambaye si ndugu yangu. Kuanzia leo mkamwana wangu akiniona akae alipo. Naomba asomewe sehemu hii.

Sina zaidi ya hayo. Nimesomewa yote, nimesahihisha tarehe moja na neno moja, na natia saini nikiwa na akili zangu.

(Saini) A. Mwakilasa
7 Machi 2025, saa 5:05 asubuhi

MAELEZO YA NYONGEZA YA AFISA

Mimi WP Koplo Jackline nathibitisha kwamba maelezo hayo juu nimeyaandika kwa mkono wangu na kumsomea shahidi.

Saa 5:20 nilimsomea mtuhumiwa sehemu ya mwisho akiwa kwenye benchi karibu na kaunta, ambako alikuwa ameletwa kunywa maji. Nilipomuuliza kama ameelewa, alisema, "Hajaniambia mwenyewe."

Wakati huohuo shahidi alitoka chumba cha maelezo akielekea mlango mkubwa. Hakujua kwamba mtuhumiwa yupo kaunta. Mtuhumiwa alimwona, akavuta khanga kichwani, akaanza kujiinua kutoka kwenye benchi. Mguu wa kushoto haukumbeba. Aliushika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili na kubaki hivyo akining'inia, akitafuta pa kwenda. Nilitazama saa ya ukutani. Sikuombwa na mtu kuitazama. Ilikuwa saa 5:23.

Shahidi alikuwa ameshageuka. Alisimama uso wake ukiwa ukutani, kwenye ubao wa matangazo. Mtuhumiwa aliendelea kujaribu. Konstebo alitaka kumshika, mtuhumiwa akasema, "Niache, nitatoka." Ilifika saa 5:26.

Shahidi, bila kugeuka, alisema kwa sauti iliyosikika na wote waliokuwepo: "Bertha. Kaa, mwanangu."

Mtuhumiwa alikaa.

PF3 imejazwa saa 5:31. Simu yenye video imehifadhiwa kama kielelezo. Bwana Kikoti ameitwa kituoni kesho kutwa saa 2:00 asubuhi kutoa maelezo ya ziada.

(Saini) WP Koplo Jackline