Ufa Umepita Alama

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumefika salama, ingawa vumbi la Tabora limetupaka rangi moja, mimi na Mjomba. Leo tulimpelekea fundi wa Mtendeni ile silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini ya mashine ya kusaga ya kijiji. Aliifuta kwa mafuta ya taa, akaikausha, kisha akaipaka unga wa chaki. Tukasubiri. Mafuta yaliyojificha ndani yakachomoza polepole, yakachora ufa juu ya weupe. Alipokuja kwetu masika alipigilia kitone cha alama pale ufa ulipoishia. Sasa umekipita kwa upana wa kidole.

"Ndugu, injini hii mlikuwa mnaipikia chai?" aliuliza.

Mjomba akajibu, "Ikipata moto sana kinamama wanaimwagia maji ya kisima. Tulikuwa tunaionea huruma."

"Huruma hiyo ndiyo imeiua. Chuma hiki kimechanganywa kivumilie moto. Lakini kikitanuka kwa moto halafu mkakishtua kwa maji, kila siku ufa unasogea kidogo. Hii haifungwi tena."

Nyingine haipatikani hapa mjini. Najua ni wewe uliyekuwa ukiteka maji hayo alfajiri, kwa furaha ya kuacha kutwanga, na nimeona heri uyasikie haya kwangu kuliko mkutanoni. Pole sana, Mama. Usijilaumu, hakuna aliyetuambia. Nikirudi mchi niachie mimi, wewe upumzishe mabega.

Nyamizi wako